Hesabu ya Baba na Hesabu ya Mjomba

Jino langu la mbele halipo. Alilivunja kaka yangu kwa ngumi moja, ufukweni mwa kisiwa cha Koyama, tulipokuwa vijana, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa kalenda. Watu hucheka nikiwaambia. Nawaacha wacheke wamalize. Kisha nawaambia kwamba kwa kalenda hiyohiyo watu wamekufa, bahari yetu imefungwa, na serikali ya nchi kubwa imeandika sera mpya juu yetu sisi wa visiwani. Hapo hawacheki tena.

Mimi sikusoma. Chuoni nilifika juzuu ya tatu, mwalimu akafa, na hakuna aliyenitafutia mwingine. Kuandika nimejifunza kwa maandishi ya magunia na mikebe ya maziwa. Kutengeneza redio nimejifunza kwa kuzifungua na kuziharibu mpaka zikaacha kuharibika. Nikafungua kibanda Kismayo, fundi redio, na hata wale waliotudharau Wabajuni walikuja wameinama mlangoni kwangu, maana mlango ulikuwa mfupi nami sikutaka kuurefusha. Nasema haya ili ijulikane kwamba sikupewa kitu na mtu. Hata kosa nililolifanya ni la kwangu, sikuazima.

Sisi wa visiwani mwaka tunauhesabu kwa Nairuzi. Siku ya mwaka mpya watu huoga baharini, kisha siku huhesabiwa moja, mbili, tatu, mpaka mia tatu sitini na tano, bila majina ya miezi. Nahodha wa zamani alikwambia, "Mia na ishirini usiondoke," ukajua usiondoke lini. Baba yangu alihesabu hivyo. Mjomba wetu wa Ras Kamboni, aliyemlea kaka yangu tangu ang'oke meno ya utoto, alihesabu vivyo hivyo, ila kila mwaka wa nne aliongeza siku moja. Baba alisema siku za Mungu haziongezwi kama maji kwenye mchuzi. Mjomba alisema asiyeongeza atajikuta, yeye na wajukuu wake, wanaoga mwaka mpya katika msimu usio wake. Basi kila miaka minne hesabu zao ziliachana siku moja zaidi.

Siku ile ya jino zilikuwa zimeachana siku mbili. Mimi nilikuwa nimekwisha oga mwaka wangu. Kaka alikuja siku mbili baadaye na taulo begani, nami nikamwambia mbele ya watu, "Kaka, mjomba wako mwizi wa siku, na wewe ndiye mbeba mzigo wake." Aliweka taulo chini, akaikunja vizuri, akanipiga. Nilimeza nusu ya jino, nusu nyingine nikaitema. Hatukusemezana tena. Yeye akawa rubani, anapitisha vyombo vya watu katika milango ya miamba kuanzia kisiwa cha Ngumi hadi Ras Kamboni. Mimi nikaenda mjini. Vita vilipoingia kila mtu akakimbilia upande wake. Baba akafa, mjomba akafa. Wenzetu wakaishia kambini Kenya, wengine Mombasa, wengine Ulaya, na watoto wao siku wanazisoma kwenye simu.

Askari wa kigeni walipokuja kuilinda Kismayo, waliingia kibandani kwangu kwa kuuvunja mlango. Waliona redio arobaini zimefunguliwa matumbo wakadhani mimi ndiye fundi wa wapiganaji, wale waliokuja kupambana nao. Mmoja alinipiga kitako cha bunduki hapa, chini ya sikio, nikaangukia chuma cha kuchomelea waya kikiwa moto. Kovu lipo. Walinifunga mikono kwa uzi wa plastiki, wakanitupa nyuma ya gari kama papa aliyevuliwa.

Huko kambini kwao, ofisa mmoja mwembamba aliniuliza mambo mengi kupitia mkalimani Msomali, mtu mpole mwenye miwani. Katikati ya maswali nikasikia redio ya upepo, ile ya kuitana kwa mbali, ikisema chumba cha pili. Ilikuwa lugha ya kwetu. Nikacheka, damu ikanitoka puani.

"Adeer, unacheka nini?" mkalimani akauliza. Kwa Kisomali ndivyo wanavyomwita baba mdogo.

"Nacheka huyo anayesema. Anasema Kibajuni kama mtu anayetafuna kokoto. Si wa kwetu, amefundishwa."

Ofisa akaniangalia. Akamwambia mkalimani kitu, na mkalimani akatoa kisu akanikata uzi.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kusikiliza. Walinikalisha ndani ya kontena, vifaa masikioni, chai ya maziwa pembeni. Wapiganaji walikuwa wakipokea silaha kwa njia ya bahari, na walipotaka kuambizana lini, walitaja nambari tu. Wageni walikuwa na mashine, na nyuma ya mashine watu waliosoma, huko kwao, mbali. Watu hao walikuwa wameandika kwamba nambari zile ni idadi ya bunduki. Kisha wakaandika ni maili. Kisha wakaandika ni ukurasa wa kitabu. Wiki nyingi.

Siku yangu ya tatu nikasikia: "Mia na hamsini na tatu. Mlango wa Ngumi." Basi. Redio ikazimwa.

Nikamwambia mkalimani, "Mwambie bwana wako hiyo ni siku. Siku ya mia na hamsini na tatu tangu Nairuzi. Wanapitia Ngumi."

"Una hakika, adeer?"

"Nina hakika kuliko wewe ulivyo na hakika ya baba yako."

Ofisa aliponielewa alinishika bega, upande uleule alionipiga askari wake. Akaniuliza siku hiyo ni lini katika kalenda yao. Nikahesabu. Ilikuwa siku ya nne kutoka ile. Nilijisikia mrefu. Mimi, wa juzuu ya tatu, nimekifungua kilichowashinda wenye shahada.

Wakanichukua niende nao, niwatambulie watu. Tulijificha nyuma ya mwamba karibu na mlango wa Ngumi, boti tatu zenye bunduki kubwa. Jua lilipotoka nikayaangalia maji, na hapa ndipo kosa langu lilipo, na wala halihusu redio. Maji yalikuwa mafu. Hayakujaa hata nusu. Chombo kilichobeba chuma hakipiti Ngumi katika maji mafu, kitakwama, kila mtoto wa kisiwani analijua hilo. Rubani mwenye akili angengoja bamvua, maji makubwa. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu mawili. Kama ningekiri, ningekiri kwamba siku si hiyo. Na kama siku si hiyo, hesabu ya baba si sawa. Nikanyamaza.

Zikatokea mashua mbili ndogo. Wapiga mbizi wa kambakoche, watu sita. Ofisa akaniuliza kwa kichwa. Nikasema, "Hao wavuvi." Nilisema. Lakini nilisema kama mtu asiye na hakika, maana moyoni nilitaka wawe si wavuvi, niwe sahihi. Mmoja wa wale wapiga mbizi alisimama akanyanyua mkuki wake wa kuchomea, nadhani alitaka kuonyesha kuwa ni mkuki tu. Bunduki kubwa ikafungua. Mtu hafi kwa bunduki ile kama afavyo mtu, anapasuliwa. Mashua ya mbele ikawa vipande vya mbao, na katikati ya mbao kambakoche wakitambaa juu ya mikono ya watu. Wa mashua ya pili walijirusha majini, wakapigwa risasi majini. Watu sita, wote walikufa. Mmoja nilimjua, alinifundisha kushona tanga. Aliendelea kusema kitu kwa muda, uso nusu ndani ya maji, mpaka askari mmoja akamnyamazisha.

Tulirudi Kismayo. Mkalimani alitapika ubavuni mwa boti, miwani ikamdondokea baharini.

Sasa, wakubwa huko mbali hawapendi kuambiwa kwamba wameua wavuvi. Kwa hiyo ofisa aliandika karatasi. Mkalimani ndiye aliyenisomea, kwa sababu alitaka mtu mwingine aibebe pamoja naye. Karatasi ilisema maneno yaliyonaswa hewani yamethibitisha kwamba wapiganaji wanapitisha silaha kwa mashua za wavuvi wa visiwani, na kwamba tarehe imetambuliwa na mtaalamu wa kienyeji. Mtaalamu ndiye mimi.

"Adeer, karatasi yako imefika kwa waziri wao huko," akaniambia siku chache baadaye. Hakuwa akinitania. Hakuwa akinisifu pia. "Wamekaa baraza zima kwa ajili yake. Wamewaambia wakubwa wetu hapa, ama bahari ifungwe, ama wanaondoa majeshi na misaada. Kuanzia leo, hakuna mashua ya kisiwani inayopita kutoka Kismayo hadi Ras Kamboni."

"Hata ya kuvua?"

"Ya kuvua ndiyo imetajwa."

Wakaenda Koyama na mafuta ya taa. Walizivuta mashua pamoja ufukweni wakazichoma, na mzee mmoja aliyeng'ang'ania ubao wa mashua yake akavunjwa vidole kimoja kimoja. Mwanamke wa kutoka huko alikuja mjini akaulizia kibanda cha fundi redio. Nilikuwa mlangoni. Akaniuliza, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akanitemea mate usoni, na alipoona sijifuti akaokota jiwe akanipasua nyusi. Nilimwacha. Ningemzuia kwa neno gani?

Siku hizo nilikuwa nikichora mstari wa chaki ukutani nyuma ya mlango kila asubuhi, kuanzia siku iliyofuata ile ya Ngumi. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa nikihesabu siku ambazo sijalala. Asubuhi nilipochora wa kumi na moja, nilikwenda kunywa kahawa karibu na lango la bandari. Muuza kahawa alikuwa ameniinamia na birika. Kisha ardhi ikaruka. Niliona weupe, sikusikia kitu, na tangu siku hiyo sikio la kushoto halisikii. Nilipofumbua macho birika lilikuwa mapajani mwangu, na mkono wa muuza kahawa ungali umelishika, lakini muuza kahawa mwenyewe alikuwa ng'ambo ya barabara. Punda amefunguka. Mwanamke anatembea akitafuta kiatu na hana mguu wa kukivaa.

Baruti ile, walivyosema watu wa bandari, iliingia alfajiri hiyohiyo kwa mlango wa Ngumi, katika bamvua, maji tele, chombo kimepita bila kugusa jiwe. Walinzi walikuwa wamekwisha ondoka, bado wako Koyama wanachoma mashua.

Nikarudi kibandani, damu sikioni, nikasimama mbele ya mistari yangu ya chaki. Kumi na moja. Nikahesabu upya, kwa kidole. Siku mbili zilizokuwepo wakati wa jino, na tangu jino hadi leo miaka thelathini na sita, kila minne siku moja, tisa. Mbili na tisa.

Nikakaa sakafuni.

Aliyewapa nambari hakukosea. Alihesabu kama mjomba. Na duniani palikuwa pamebaki mtu mmoja anayehesabu kama mjomba.

Sasa tazama nilipokuwa. Nilikuwa na nambari nyingine, nilikuwa nimekwisha isikia: mia na themanini na moja, mlango uleule. Sasa nilijua siku yake ya kweli. Nikisema, wanamuua kaka yangu. Nikinyamaza, baruti nyingine inaingia, na kesho kutwa birika jingine litakuwa mapajani mwa mtu mwingine. Ofisa alikuja mwenyewe safari hii, akanikaba koo kwenye ukuta mpaka mistari ya chaki ikafutika kwa mgongo wangu. Akasema maneno, mkalimani akayatafsiri kwa upole: anataka siku, na anaitaka sawa.

Nikamwambia, "Nitampa. Lakini nakwenda naye. Na rubani wa chombo hicho hapigwi. Yule mzee atakayekuwa nyuma kwenye usukani, hapigwi."

"Anauliza unamjuaje."

"Mwambie ndiye aliyening'oa jino."

Ofisa alicheka, akasema sawa. Nilijua ahadi ile ina uzito gani. Nikasema jingine. "Na ile karatasi ya kwanza. Aandike nyingine. Aseme kosa lilikuwa la mtaalamu wa kienyeji, wavuvi hawana hatia, bahari ifunguliwe."

Mkalimani hakutafsiri hilo. Alinitazama tu kwa macho yasiyo na miwani. "Adeer," akasema, "karatasi ikishapanda haishuki. Baraza halikai mara ya pili kusema lilikosea kuhesabu."

Tulikwenda. Siku ilikuwa sawa. Asubuhi, maji yamejaa mpaka miamba haionekani, chombo kikaja taratibu na mzee nyuma yake amesimama, mgongo umenyooka kama wa baba. Nilimtambua kwa namna alivyoinua kidevu kutafuta alama zake za nchi kavu. Nilikuwa nimepanga nini cha kupiga kelele. Jina lake lisingetosha, kila mtu ana jina. Nikasimama juu ya boti, ofisa akinivuta suruali, nikapiga kelele kwa nguvu zote za kifua:

"Mwizi wa siku! Ruka!"

Akageuka. Nadhani aliliona pengo mdomoni mwangu kabla hajaniona mimi. Mpiganaji aliyekuwa karibu naye akamgeuzia bunduki, na kaka yangu akampiga ngumi, ileile, mtu yule akaenda chini kama gunia. Akaruka. Hapo bunduki za pande zote zikafunguka, na chombo kilipolipuka joto lilitubabua nyusi tulio mbali. Mbao zilitunyeshea. Kipande cha mkuku, ule mti wa chini ya chombo, kilimpata askari mmoja wetu kifuani akafa ameketi. Nilijirusha majini na uzee wangu. Nilimpata kaka amelala kifudifudi, mgongo umechunwa na moto, nikamshika nywele nikampandisha uso juu. Alikuwa hai. Alinitambua. Akaniuma mkono.

Askari walimtoa majini wakampiga mbele yangu mpaka akalegea, ahadi au hakuna ahadi. Ofisa aliangalia upande mwingine. Kisha walimfunga mwaka mzima na zaidi. Alipowaambia kwamba wapiganaji walimchukua kwa nguvu, wakamwekea mkewe kisu shingoni ili awape siku na njia, hawakumwamini. Mkewe alikuwa amekwisha chinjwa, kwa hiyo hakuwa na shahidi.

Walipomwachia alikuja moja kwa moja kibandani kwangu. Alikuwa na fimbo. Sikusimama. Alinipiga nayo begani nikasikia mtulinga, mfupa wa bega, ukilia, kisha akapiga mara ya pili, fimbo ikavunjika. Akakaa kwenye kiti cha wateja akihema.

"Kuna chai?" akauliza.

Nikamchemshia kwa mkono mmoja. Alikunywa. Akasema kwa lahaja yetu, ambamo mtu ni mchu, "Mchu hupigwa na adui yake. Mimi nimepigwa na hesabu ya baba yako."

"Baba yetu."

"Yako. Ya mjomba iliwapitisha wale bila kugusa jiwe." Kisha akasikia alichokisema, akaweka kikombe chini. Watu wa lango la bandari walikuwa kati yetu, na wale sita wa Ngumi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumtupia mwenzake lawama.

Anakaa kwangu hadi leo. Mgongo wake haukupona sawasawa, usiku hulala kifudifudi. Nimemwambia juu ya maji mafu, kwamba niliyaona nikanyamaza. "Hilo nalijua," akasema. "Wewe hukuwa mjinga wa maji. Ulikuwa mjinga wa baba."

Bahari bado imefungwa. Ofisa alikwenda zake, amekuja mwingine, kisha mwingine, na kila anayekuja anaikuta ile karatasi mezani na anaanzia pale. Hakuna anayejua tena ilitoka wapi. Niliwahi kwenda mwenyewe mpaka kambini kuwaambia ilitoka kwangu. Mlinzi wa langoni, ambaye ni wa juzi tu, alinisukuma kwa mtutu akaniambia niache kelele.

Nairuzi iliyopita nilikwenda kuoga mwaka. Siku ya baba niliiacha ipite. Zikapita kumi na mbili, maana mwaka wa nne ulikuwa umepita tena, nikachukua taulo. Ufukweni askari alipiga risasi mchangani mbele ya miguu yangu, kokoto ikanichana ugoko, nikarudi nyumbani, nikajaza ndoo, nikasimama nayo nyuma ya kibanda. Kaka alitoka na kitambaa chake akanikuta nimekwisha jimwagia nusu.

"Leo ni siku yangu," akasema. "Wewe unafanya nini?"

"Nina joto."

Akaniangalia, ugoko unatoka damu, maji yanatiririka. Akainama pole pole kwa ajili ya ule mgongo, akashika ndoo kwa mikono miwili.

"Nibakishie," akasema.